Siku Kadi Zangu Zilipokatwa Masikio

Wapo watu Isiolo ambao hadi leo wakiniona nimeshika sindano ya kufumia sweta hugeuza nyuso pembeni ili nisione wakicheka, nami siwalaumu, kwani nikiikumbuka asubuhi ile masikio yangu mwenyewe huwaka moto (na mtaona baadaye kwa nini silipendi neno hilo, masikio). Mama yangu nilimwambia kwamba ni upepo uliotawanya kadi. Haukuwa upepo. Nilikuwa mimi, pamoja na elimu yangu, na kiburi kilichovalishwa nguo za utumishi wa umma.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuoni na cheti ambacho bado kilinukia wino, nikatumwa Isiolo kusimamia chumba cha kusomea. Siku ya kuondoka nyumbani kwetu, kule milimani Meru, nilimwambia baba kwa sauti nzito kwamba ninakwenda kuwapelekea watu maarifa. Baba aliniuliza kama nimebeba blanketi.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mabati, meza mbili ndefu, jiko la makaa nje ya mlango wa nyuma, na rafu zilizojaa magazeti, majarida ya wilaya, matangazo ya serikali na vijitabu vya magonjwa ya mifugo, vyote vimeshonwa kwa uzi wa gunia vikawa vitabu vikubwa kumi na tisa, kila kimoja kizito kama mbuzi. Na vitabu hivyo vilikuwa vimeota nywele. Sisemi kwa kutia chumvi. Kutoka katikati ya kurasa vilichomoza vipande vya leso, manyoya ya mbuni, kamba za ngozi, ushanga uliotungwa kwenye uzi, nyuzi za mgomba zilizowahi kufunga miraa, tiketi za lori la Merti, hata jino la mnyama nisiyemfahamu.

“Hizi takataka ni za nini?” nilimwuliza Guyo.

Guyo alikuwa tarishi wa chumba kile, mtu wa makamo, mrefu, aliyejifunza kusoma ukubwani katika madarasa ya ngumbaru na tangu hapo akawa anasoma kila kilichoandikwa, ikiwemo mifuko ya mbolea. Alinitazama kwa upole.

“Si takataka, Mwalimu. Ni alama. Mtu anakuja, anasoma ama mimi namsomea, maneno akiipenda anaiwekea kitu yake. Siku ingine akirudi, anaenda moja kwa moja.”

“Na mtu mwingine akiitaka habari hiyo hiyo, atajuaje ilipo?”

“Ataniuliza.”

“Na wewe ukifa, Bwana Guyo?”

“Hapo sasa watauliza wewe.”

Nilisikitika, jamani. Chuoni mkufunzi wetu alikuwa akisema kwamba maarifa yasiyotafutika ni sawa na maiti, na mimi nilijiona nimesimama katikati ya makaburi yaliyopambwa kwa leso. Jumapili ile, baada ya kanisa, nikakaa na madaftari yangu ya chuoni kuchagua njia iliyo bora ya kuhifadhi mahali pa kila habari, nikizipima njia tatu kwa uzito ambao wengine huutumia kuchagua mume.

Njia ya kwanza ilikuwa daftari lenye herufi pembeni: rahisi, lakini habari ya ngamia waliougua baada ya mafuriko ya Gotu ungeiandika wapi, kwenye ngamia, kwenye ugonjwa, kwenye mafuriko au kwenye Gotu? Ya pili ilikuwa sanduku la kadi za kawaida, na hapo habari hiyo moja ingedai kadi nne. Ya tatu ndiyo iliyoniteka. Unachukua kadi ngumu, unatoboa matundu kumi ukingo wa kushoto na kumi ukingo wa kulia. Kila tundu lina maana yake: kushoto ni mambo (mifugo, maji, kilimo, afya na kadhalika), kulia ni mahali (Merti, Gotu, Kinna, Rapsu na kwingineko). Habari ikihusu kilimo cha Rapsu, unalikata tundu la kilimo na tundu la Rapsu mpaka yawe wazi ukingoni, kama pengo. Siku ya kutafuta, unazipanga kadi zote pamoja, unapitisha sindano kwenye tundu la kilimo, unainua, unatikisa, na zile zilizokatwa zinaanguka zenyewe mezani huku nyingine zikibaki zinaning'inia. Hizo zilizoanguka unazipitishia sindano kwenye tundu la Rapsu, unatikisa tena, na jibu linakuja. Kadi moja, milango ishirini. Nilikuwa sijawahi kuiona ikitumika popote, nilikuwa nimeona mchoro wake tu, kwa hiyo niliichagua kama msichana anayeposwa kwa picha.

Guyo alisikiliza maelezo yangu yote, kisha akasema, “Daftari ni nzuri pia, Mwalimu. Daftari haina mambo mingi.”

Nilimsamehe.

Tulifanya kazi majuma mawili. Nilikata kadi kutoka karatasi ngumu za manila, nikatoboa hadi kiganja kikaota sugu, na kwa kila alama iliyokuwa kitabuni niliandika kadi: juu, habari inahusu nini, katikati, namba ya kitabu na ya ukurasa, chini, jina la mtu aliyeiweka alama. Majina alinitajia Guyo. Nilikuwa ninachomoa, tuseme, unyoya, naye, ameketi kwenye kigoda na kikombe chake cha chai, anasema, “Hiyo ya Halkano, yule wa Gotu,” wala hasiti. Nami ninaandika, bila kutambua kwamba katalogi ninayoihangaikia imeketi mbele yangu inakunywa chai. Kila nilipomaliza kadi, alama yenyewe niliitupa kwenye gunia. Gunia nililiweka karibu na jiko, kwa sababu vitu vile vilishika moto vizuri sana.

Zilipokamilika nilizijaribu, zikaanguka kwa adabu kama wanafunzi waliopigiwa kengele, nikamshukuru Mungu na kwenda nyumbani siku nne kwa harusi ya binamu yangu, nikimwachia Guyo funguo. Niliporudi nilikuta kitu kimoja tu kimebadilika: selotepu yote ya ofisi, roli mbili, ilikuwa imekwisha. Nikaandika kwenye daftari langu la maadili (ndiyo, nilikuwa nalo), “Kuzungumza na watumishi kuhusu matumizi ya mali ya umma.” Kadi sikuziangalia. Zilikuwa kwenye sanduku lake, zimefungwa utepe, zikingoja ufunguzi rasmi siku iliyofuata.

Naam, nilikuwa nimeomba ufunguzi rasmi. Afisa wa mashamba alikuwa anapita mjini kuthibitisha wenye mashamba ya umwagiliaji kule Rapsu, kisha aelekee Merti saa sita mchana, akakubali kuja kwetu saa nne. Wazee wa soko la mifugo walialikwa. Imamu alikuja, chifu alikuja, mandazi yalikuja katika sinia mbili.

Kabla ya hao wote, saa mbili asubuhi, alikuja Darmi.

Darmi alikuwa mjane wa Kinna, mwembamba, mwenye sauti ndogo ambayo ilikulazimu uiname kuisikia. Mumewe Wario aligawiwa shamba Rapsu, akalifyeka, akalipanda msimu mmoja, akafa. Barua ya shamba ililiwa na mchwa. Sasa orodha ilikuwa imepigwa chapa upya, na jina la Wario halikuwemo. Afisa alikuwa amemwambia jana yake kwamba hana ubaya naye, lakini maneno matupu hayatoshi: amletee jina hilo likiwa limeandikwa mahali, kabla hajaondoka mjini, la sivyo shamba litapewa anayefuata. Na jina lilikuwa limeandikwa. Miaka miwili nyuma jarida la wilaya lilichapisha orodha ya kwanza, Guyo akamsomea, naye akachana ukingo wa leso yake ya buluu akauweka hapo.

“Nimekuja kufungua pale kwa kitambaa yangu, Mwalimu,” akasema. “Nipeleke kwa yule bwana haraka.”

Na hapa ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ambao umenifukuza maisha yangu yote. Ningeweza kulifungua sanduku wakati huo huo, kimya kimya, tukiwa sisi wawili tu. Lakini nilimtazama mama yule, nikaona (Mungu anisamehe) mfano mzuri wa kuonyesha. Nikamwambia, “Usihangaike, mama. Huyo afisa anakuja hapa hapa. Nitaitafuta mbele yake, naye atashuhudia kwa macho yake. Haitachukua dakika moja.”

“Dakika moja?”

“Moja.”

Akaketi mwisho wa benchi, mikono mapajani, akangoja saa mbili nzima ili mimi nipate kusifiwa.

Hotuba yangu sitairudia. Ilikuwa na maneno kama “giza” na “mwanga,” na mahali fulani niliwafananisha wageni wangu na watu wanaotafuta sindano gizani, kisha nikaiinua juu sindano ya kufumia ya mama yangu. Nikaeleza shida ya Darmi. Nikamwomba afisa, mtu mnene mwenye haraka, aangalie saa yake. Akaiangalia.

“Kilimo,” nikatangaza, nikapitisha sindano, nikainua, nikatikisa.

Zikaanguka kadi nyingi kuliko nilivyotarajia. Nikaziokota kwa tabasamu, nikapitisha sindano upande wa Rapsu, nikatikisa, zikaanguka nne, na ya juu kabisa nikaisoma kwa sauti ya mshindi kabla macho hayajaniwahi kuniambia ninasoma nini.

“Namna ya kutibu upele wa ngamia.”

Nikasoma ya pili: nauli mpya za malori ya Merti. Ya tatu ilikuwa mashindano ya mpira, na ya nne maelekezo ya kuzuia kuhara kwa watoto. Nikasema pengine sindano imekosea njia. Nikakusanya zote, nikajaribu tundu la jirani, na safari hii hakikuanguka kitu. Nikatikisa zaidi. Nikazigeuza juu chini, chini juu. Jasho lilikuwa linashuka mgongoni, na nyuma yangu nikamsikia Mzee Abdi, dalali wa ng'ombe, akimwuliza jirani yake kwa sauti ambayo yeye aliidhani ni ya chini.

“Huyu anapiga ramli?”

“Inafanana,” jirani akajibu.

“Mbele ya imamu?”

“Hawa wa chuo hawana haya.”

Imamu akakohoa, akatazama dari. Nami, badala ya kuacha, nikatikisa kwa nguvu zangu zote, sindano ikachomoka, kadi mia mbili zikaruka kama kwale waliotishwa, nyingine zikaingia kwenye chai ya chifu, na sindano yenyewe ikaruka ikatua imesimama wima katika andazi la afisa.

Afisa aliitazama sindano. Aliitazama saa. “Dakika tisa,” akasema.

Ningelia hapo ningehurumiwa. Sikulia. Nilikuwa mtu wa maadili, na mtu wa maadili akiaibika hutafuta mhalifu. Nilipiga magoti kuokota kadi ndipo nikaona: mapengo niliyoyakata mimi yalikuwa yamezibwa kwa selotepu, kwa uangalifu mkubwa, na mapya yamekatwa mahali pengine. Nikasimama na kadi mkononi, nikatoa hotuba ya pili, fupi kuliko ya kwanza lakini mbaya mara kumi, kuhusu watu wenye wivu, wanaoogopa maendeleo, wanaoharibu mali ya umma gizani, na nikadai aliyefanya hivyo ajitokeze kama ana uso.

“Ni mimi, Mwalimu,” akasema Guyo, amesimama mlangoni na birika. “Lakini sikuharibu. Nilirekebisha.”

“Ulirekebisha nini?”

Akaweka birika chini, akachukua kadi moja, akaiinua mbele ya uso wake kama kichwa cha ng'ombe anayekutazama. “Hii ni sikio kushoto. Hii ni sikio kulia. Wewe uliandika jina ya mtu hapa chini, halafu ukamkatia masikio ya ukoo ingine.” Akaonyesha, na wazee wote wakainuka kidogo kutazama. “Huyu Halkano, ukamwekea alama ya watu wa shemeji yake. Huyu ukamwekea alama ya watu walikosana na yeye kwa kisima. Nilisema, Mwalimu hajui, ni mgeni. Watu wakikuja kuona, watasema anaibia watu mali, anabadilisha masikio. Nilikuonea aibu. Nikakaa siku nne nikarudisha kila mtu kwa ukoo yake.”

Yafaa mwelewe jambo ambalo mimi sikulielewa hata baada ya kuishi pale majuma kadhaa. Kwa watu hawa wa mifugo kila ukoo una namna yake ya kukata masikio ya wanyama wake, pengo moja hapa, mawili pale, na mtoto huzijua alama hizo kabla hajajua kuhesabu. Kubadilisha sikio la mnyama si kosa la ukarani. Ni wizi, na watu wamewahi kuuana kwa ajili yake. Mzee Abdi alikuwa tayari ameokota kadi tatu kutoka sakafuni anazipitisha kwa wenzake, na walikuwa wanazisoma, wazee ambao hawakujua hata herufi moja.

“Hii ya kwetu,” akasema mmoja.

“Na hii ya kwenu pia, angalia sikio. Safi sana. Guyo amekata vizuri.”

“Basi mwulizeni Guyo kadi yangu iko wapi,” ikasema sauti ndogo. Darmi alikuwa amesimama. “Saa inakwisha. Mimi sikuja kuangalia masikio. Mwalimu, hebu acha hii maneno, nipe tu kitabu, niangalie kitambaa yangu ya buluu.”

“Kitambaa hakipo, mama.”

“Kiko wapi?”

Ni afadhali ningekuwa na mazoea ya kusema uongo wakati ule. “Tulichoma. Vyote. Ndivyo vilivyowashia moto wa chai.”

Chifu alikuwa karibu kunywa. Akakirudisha kikombe mezani polepole. Darmi hakunifokea, na laiti angenifokea. Alivuta leso yake mabegani, akakitazama kile kikombe cha chifu, kisha akanitazama mimi, kama mtu anayejaribu kukumbuka ni lini alinikosea.

“Bwana Guyo,” nikasema, na sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko ya Darmi, “wewe unakumbuka ukurasa?”

“Mimi nilikuwa najua kitambaa, Mwalimu. Kurasa sijui. Vitabu ni kumi na tisa.” Akamgeukia Darmi. “Lakini Wario ni wa ukoo gani, mimi najua, na wewe unajua. Leta sindano.”

Afisa mwenyewe aliichomoa kwenye andazi, akaipangusa kwa kitambaa chake cha mfukoni, akampa.

Wazee waliokota kadi zote, wakazinyoosha kwa mapaja, wakazipanga, tena kwa haraka ya kushangaza, maana mtu aliyezoea kutenganisha mifugo iliyochanganyika kisimani kadi mia mbili hazimtishi. Guyo akapitisha sindano tundu la kwanza juu, kushoto, ambapo ukoo wa Wario hukata sikio. Akatikisa mara moja, kwa upole. Zikaanguka kumi na kitu. Akazichukua hizo, akapitisha tundu la chini kabisa, kulia, akatikisa. Zikaanguka sita. Akazisoma moja moja kwa midomo, bila sauti, na ya tano akamkabidhi afisa.

“Mashamba ya Rapsu, orodha ya kwanza,” afisa akasoma. “Kitabu cha kumi na nne.” Akataja ukurasa. “Darmi, mke wa Wario.”

Kitabu kililetwa na watu wawili. Ukurasa ukafunguliwa, na mstari wa saba kutoka chini lilikuwepo jina la Wario na namba ya shamba lake, na pembeni yake uzi mmoja wa buluu, mwembamba kama unywele, uliobaki umenasa kwenye mshono nilipokichomoa kitambaa kwa nguvu. Afisa akatoa karatasi yake, akaandika jina hapo hapo, akatia sahihi, akampa Darmi nakala. Saa yake ilisema saa sita kasoro robo.

“Huu mfumo ni mzuri,” akasema akichukua kofia. “Ni wa nani?”

Nilitazama sakafu. “Ni wa Bwana Guyo,” nikasema, na hilo ndilo neno la kweli kabisa nililolisema siku ile, ingawa Guyo alitikisa kichwa na kusema kwamba yeye angali anapenda daftari.

Nilimwomba radhi mbele ya wote, kwa kuwa mbele ya wote ndipo nilipomtukana. Alijibu, “Hapana shida, Mwalimu, hata ndama hujifunza kwa kupigwa teke,” na wazee wakacheka kicheko kilichokuwa kimefungiwa tangu andazi. Mzee Abdi aliniuliza kama ninapenda niwekewe alama ya ukoo gani, ili nisipotee tena. Kadi hatukuzibadilisha. Zilikaa hivyo miaka yangu yote pale, na kila mtu aliingia, akataja watu wake, akatikisiwa akapata.

Wageni walipoondoka Darmi alibaki nyuma. Alikwenda kwenye kitabu kilichokuwa bado wazi, akainua ncha ya leso yake, ya kijani safari hii, akaichana kwa meno kipande cha urefu wa kidole, akakilaza juu ya jina la mumewe na kukifunga kitabu taratibu. Kisha akaja mpaka mezani kwangu, nami nikainama ili nimsikie.

“Hii usipikie chai,” akasema.

Tangu siku ile nimefanya kazi katika vyumba vingi na kuchagua njia nyingi za kupanga vitu, na niliweka nadhiri ambayo sijaivunja: sigusi alama ya mtu kabla sijamwuliza ameiweka kwa nini, na mwenye shida simngojeshi hata dakika moja ili nionekane nikimsaidia. Kipande kile cha kijani nilikiacha mahali pake siku nilipohama. Nilimwandikia barua aliyekuja baada yangu, na barua yenyewe ilikuwa na mstari mmoja tu: kabla ya kuwasha jiko, muulize Guyo.